Mkono Uliochorwa Gurudumu

Walisema sitafika hata Maungu. Walisema hadharani, mbele ya kanisa letu la Sagalla, siku nilipoaga kwenda Bara Hindi kusomea ufundi wa mitambo. Mmoja alisema mtu anayeshika kijiko kwa mkono wa kushoto hawezi kukabidhiwa mashine za watu. Mwingine akasema nitarudi kabla miwa niliyoiacha shambani haijakomaa. Nilifika Maungu, nikafika Mombasa, nikavuka bahari, nikasoma, nikafaulu, nikarudi na diploma yenye muhuri mwekundu. Upande wetu wa mlima hakuna aliyekuwa ameleta kitu kama hicho kabla yangu. Nasema hivyo bila haya kwa sababu ni kweli.

Baadaye walisema jambo jingine: kwamba mkono wangu wa kushoto hautapona, utakatwa tu. Hilo nalo halikuwa, lakini lilikaribia sana, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Siku hizi naona vijana wakishuka kwenye treni hapa Voi wakiwa na michoro ya wino ngozini, nanga, nyoka, majina ya wasichana, na wengine wanakuna huku wanacheka. Wewe unayekuna, keti nikueleze. Sitakufundisha udaktari, kwa sababu sikuusomea. Nitakueleza yaliyonipata, na namna mtu anavyoweza kukaa na mkono unaomwasha mpaka akili nayo ianze kuwasha.

Mchoro wangu niliupata Mombasa, siku ile ile niliyoshuka melini. Karibu na bandari palikuwa na mzee aliyewahi kuwa baharia, mwenye chumba kimoja, kiti cha kinyozi na sindano ya umeme iliyolia kama nyuki ndani ya chupa. Nilimwambia anichoree gurudumu la meno, kama yale ya ndani ya mashine, na katikati aandike herufi za jina langu. Nilikuwa na sababu. Diploma ni karatasi, na mchwa wa Voi hawana heshima. Ngozi ningekuwa nayo daima. Nikampa mkono wa kushoto, upande wa ndani chini ya kiwiko, kwa sababu huo ndio mkono wangu wa kazi. Shuleni waliufunga kwa kamba ya mkonge kwenye mguu wa dawati ili niandike kwa kulia, nami nikajifunza kuandika kwa kulia, lakini spana na nyundo sikuwahi kuzishika kwa mkono mwingine. Huo ndio mkono ulionipa diploma. Nilitaka uvae nishani yake.

Alipomaliza, mzee alinipaka mafuta, akanifunga kitambaa, akanishika kidole gumba nisiondoke.

"Bwana diploma, nisikilize. Hii si picha. Ni kidonda. Itakuwa picha magamba yakianguka yenyewe, si kabla. Osha kwa maji yaliyochemka yakapoa. Mafuta kidogo, kiasi cha ukucha. Usiloweke, usianike juani. Na ikikuwasha, na itakuwasha, usikune. Pigapiga kwa kiganja, hivi."

Nilifuata yote. Katika treni ya kupanda Voi nilikaa upande usio na jua, mkono juu ya paja, na nilipofika nyumbani mchoro ulikuwa mweusi, safi, umeinuka kidogo kama mshono wa nguo nzuri.

Mama alinikumbatia na kunishika mkono palepale, nami nikaguta. Ndivyo ulivyojulikana.

"Kunja shati," Baba akasema.

Nikakunja. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa na mkulima, mtu wa maneno machache. Aliutazama mkono kama anavyotazama jani la mharagwe lililoingia wadudu.

"Nani amekuchanja?"

"Fundi wa Mombasa, Baba."

"Ulikuwa mgonjwa?"

"La."

"Ulikuwa unafanyiwa dawa ya safari?"

"La, Baba. Ni gurudumu la mashine. Ni alama ya kazi yangu."

Zamani, watu wetu wakichanjwa chale walichanjwa na wazee, kwa ugonjwa au kwa kinga, na mzazi alikuwepo. Kanisa likaja likasema hata hizo zikome. Mimi nilikuwa nimewapita wote wawili, wazee na kanisa.

"Ng'ombe hutiwa alama ijulikane ni wa nani," akasema. "Wewe ni wa nani?"

Hakungoja jibu. Alitoka kwenda kutazama maharagwe yake. Tangu hapo hakusema nami tena. Alisema na Mama, nami nikiwa nimeketi hapo hapo: "Mwambie mwenye gurudumu chai iko tayari." Mama akanigeukia, akaniambia, "Chai iko tayari," kana kwamba nilikuwa ng'ambo ya bonde.

Nilishuka Voi. Nilipanga chumba kwa Bi Zuhura, mjane wa watu wa pwani aliyekuwa na nyumba nyuma ya soko, na nikapata kazi katika kiwanda cha mkonge nje ya mji. Meneja alinichukua kwa majaribio niwe msimamizi wa mitambo. Hakuna mzaliwa wa hapa aliyekuwa ameshika kazi hiyo pale, na wafanyakazi wa zamani walikuja kunitazama kama watu wanaotazama mnyama aliyeshuka kwenye lori. "Huyu ndiye diploma?" wakaulizana. "Tutaona."

Waliona mapema. Mashine kubwa inayoponda majani ya mkonge na kuacha nyuzi, ambayo kiwandani huitwa korona, ilikwama asubuhi moja. Majani yalikuwa yameshonana kwenye mnyororo wa chini, mahali ambapo mkono mmoja tu unaweza kuingia, na kwa jinsi mashine ilivyokaa, mkono huo ni wa kushoto. Kila mtoto wa Voi anajua maji ya mkonge. Hata ngozi nzima huwasha, hutoka vipele. Mimi nilikuwa na ngozi iliyotobolewa na sindano juzi tu, magamba yake yakianza kuinuka pembeni. Nilivaa shati la mikono mirefu, nikafunga kitambaa juu yake, nikaingiza mkono mpaka begani.

Maji yalipita katika shati kama hakukuwa na shati. Nilisikia mkono unaungua, lakini watu walikuwa wamesimama nyuma yangu, na mmoja alikuwa tayari amesema, "Mwacheni, atachoka." Sikuchoka. Korona iliunguruma kabla ya king'ora cha chakula, na jambo hilo naliandika hapa kwa sababu watu waliosimulia ugonjwa wangu baadaye walilisahau.

Usiku ule mkono ulianza kuwasha. Si kuwasha kwa mbu. Kulikuwa kuwasha kwa ndani, kama siafu wanaotafuta mlango wa kutokea. Nilipigapiga kwa kiganja kama mzee alivyonifundisha. Nikatembea chumbani. Kesho yake nilipigapiga mpaka kiganja kikafa ganzi, kisha nikachukua rula yangu ya chuma ya kuchorea ramani za mashine, nikaipitisha chini ya kitambaa. Raha niliyoisikia siwezi kuieleza. Kijana, raha hiyo ndiyo uiogope. Ilipoisha, magamba yalikuwa kwenye rula, na gurudumu langu lilikuwa jekundu na bichi.

Kufikia mwisho wa juma mkono ulikuwa umevimba kama mgomba mchanga. Saa ya mkononi haikufungika. Suti zangu tatu nilizoshona ng'ambo hazikuingia hata moja. Vidole vilinenepa vikang'aa, kucha zikazama, na nikiteremsha mkono chini nilisikia mapigo ya moyo katika kidole cha mwisho. Homa ikaja nayo. Nikaenda hospitali.

Kama hujawahi kukaa kwenye benchi la hospitali yetu, jua kwamba benchi lina desturi zake. Mtu hasimami akaondoka bila kumwambia jirani yake "nishikie," na jirani huweka kiganja pale ulipokuwa umekaa, kana kwamba umeacha kifaranga. Mimi sikuweza kutulia. Nilikuwa nasimama, natembea mpaka mlangoni, narudi, nakaa, nasimama tena. Mama mmoja wa Ronge aliyekuja na jino alichoka kunishikia.

"Mwanangu, hiki kiti chako nimekilea kuliko watoto wangu. Umeumwa na nini?"

"Na mkonge, Mama."

"Na hiyo picha?"

"Hiyo nililipa."

Benchi zima likacheka, hata yeye mwenye jino, akashika shavu na kuanza kulia. Nilisikitika, lakini nilikuwa nimecheka pia, kwa mara ya kwanza tangu rula.

Mfunga vidonda, ambaye sote tulimwita dresa, alikuwa Mkamba mmoja, Bwana Kilonzo, mwenye mikono mepesi na ulimi mkali. Alifungua kitambaa akainama.

"Hii ni saa au ni baiskeli?"

"Ni gurudumu la meno."

"Basi limeota kutu, bwana."

Daktari alikuja, akabonyeza, akaacha shimo kwenye ngozi ambalo halikufukika haraka. Akasema nitachomwa sindano asubuhi na jioni, na mkono utaoshwa na kufungwa kila siku. Kisha akasema lile lililonikaa. Uvimbe ukipita kiwiko ukapanda kuelekea kwapani, nitapelekwa Mombasa, na huko huenda wakalazimika kuchagua kati yangu na mkono. Bwana Kilonzo akachukua kalamu, akachora mstari kuzunguka mkono, juu kidogo ya mahali wekundu ulipoishia, chini tu ya kiwiko.

"Hapa ndipo mpaka," akasema. "Ukivuka, usingoje zamu. Ingia moja kwa moja."

Ukawa mchoro wa pili katika mkono uleule, na huu sikuulipia.

Meneja aliniambia atanishikia kazi mpaka mvua za masika. Baada ya hapo, alisema, mashine hazingoji. Nami nilijua mwenyewe: fundi wa mkono mmoja wa kulia, ambaye kulia kwake ni kwa kuandika tu, atafanya nini kwenye korona? Angeweza kuwa karani. Sikuvuka bahari ili niwe karani.

Zikaanza siku za sindano. Makalio yangu yakawa magumu kama ubao, nikalala kwa tumbo. Lakini maumivu hayakunishinda. Kilichonishinda ni kutulia. Nikikaa, mkono uliwasha. Nikilala, uliwasha zaidi. Basi nilitembea. Nilitoka nyuma ya soko mpaka stesheni, nikapita jukwaa lote mpaka linapoisha, nikageuka. Nilijua treni ya Mombasa, ya Nairobi, na ile ya Taveta inayoondoka kama mtu asiyetaka kwenda. Wapagazi wakadhani namsubiri mgeni asiyekuja. Jua likiwa kali nilitembea chumbani, mkono umening'inizwa kwa kanga.

"Mwanangu," Bi Zuhura akaniambia kutoka uani, "sakafu hiyo aliitia saruji marehemu mume wangu. Utaichimba, wallahi, umfikie."

Nilimwambia siwezi kuketi.

"Basi njoo ukatembee huku jikoni, unipepetee mchele kwa huo mzima. Angalau mwendo wako utatupa chakula."

Hapo ndipo nilipoanza kukopa. Mtu mwenye mikono miwili hajui anachofanya nayo siku nzima. Mimi nilijua, kwa sababu kila kimoja ilibidi nimwombe mtu. Nilikopa mikono ya Bi Zuhura kunifunga vifungo vya shati na kunikatia nyama. Kamba za viatu na ndevu zilikuwa za binamu yangu Mwambi, aliyefanya kazi kwenye duka la mbao. Mwambi alikuwa mmoja wa wale waliosema sitafika Maungu, na hakuwa na adabu ya kujifanya amesahau.

"Inua kidevu, Profesa. Huko India walikufundisha kunyolewa?"

"Walinifundisha kunyamaza mbele ya mtu mwenye wembe."

"Basi ada haikupotea."

Lakini kila asubuhi kabla ya kazi alikuja. Aliinama vumbini akanifunga viatu, fundo mara mbili, ili nisilazimike kumwomba mtu mwingine njiani. Sijawahi kumwambia kwamba nililiona hilo fundo la pili.

Vuli zikaanza. Nilidhani baridi ya mvua ingetuliza mkono, na kweli siku chache uvimbe ulishuka. Nikaona mifupa ya vidole vyangu, nikaisalimu moja moja. Bwana Kilonzo akakata ngozi iliyokufa, usaha ukapungua. Nikamwandikia meneja kwa mkono wa kulia kwamba nitarudi mapema. Kisha Jumapili moja niliamka na baridi katikati ya joto, nikatazama mkono. Wekundu ulikuwa umefika kwenye mstari wa kalamu. Kufikia adhuhuri ulikuwa umeuvuka kwa upana wa kidole.

Sikungoja zamu. Benchi lilinipisha. Daktari alibadilisha dawa, akaweka nyingine iliyonichoma kama pilipili ikiingia, akasema atanipa siku chache, na kama hali ni hiyohiyo, nipande treni ya Mombasa. Alisema kwa upole, na ule upole ulinitisha kuliko kalamu.

Mama akashuka kutoka Sagalla kwa miguu, na chupa ya maziwa na ndizi. Aliniogesha kama mtoto, mimi mwenye diploma, ndani ya beseni la Bi Zuhura, mkono nje umewekwa juu ya kigoda. Akaongea akiwa nyuma yangu, pale ambapo sikuweza kumtazama.

"Baba yako ana hasira, na hasira yake imekulalia. Mwache aitoe."

Nilijua anachosema. Kwetu mtu mwenye hasira kifuani huweza kumdhuru ndugu yake hata bila kutaka, hata akimpenda. Basi huchukua funda la maji au pombe ya miwa, akalinyunyiza kwa kinywa, akitamka wazi kilichomkasirisha na kwamba amekiachilia. Tunaita kutasa. Babu zetu waliponya hivyo nyumba nzima. Mimi nilikuwa nimesoma maji yanaweza kubeba nini, na kinywa kinaweza kubeba nini.

"Mama, nina kidonda wazi. Nitemewe mate?"

"Umechomwa sindano ngapi, na bado hujapona?"

Mwambi alikuwa mlangoni na kijembe chake tayari. "Mate ya baba yako ni ya bure, Profesa. Hata risiti huhitaji."

Nilikataa. Nikatembea mpaka stesheni na kurudi, na kwenda tena. Kesho yake, wakati wa kufungwa kidonda, nilimuuliza Bwana Kilonzo kana kwamba namuulizia mtu mwingine.

"Maji ya kinywani kwenye kidonda hiki? Huyo mtu nitamfukuza, na wewe unayemuulizia pia."

"Na kama kidonda kimefunikwa?"

Alinitazama. Ukambani nako kuna wazazi. "Kikifunikwa vizuri," akasema, "mimi sijui yanayotokea nje ya bendeji."

Mama ndiye aliyepata njia. Alichemsha maji, akatia chumvi kama dresa alivyotia, akayaacha yapoe katika sufuria iliyofunikwa. Bi Zuhura akatoa mfuko wa nailoni uliokuwa wa sukari, wakaufunga juu ya bendeji kwa ukanda wa kitambaa, juu na chini. Nikaketi kwenye mkeka uani nikiwa na mkono wangu ndani ya nailoni kama nyama ya buchani, nikingoja.

Baba alifika mchana, amevaa koti la kanisani, viatu vimejaa udongo mwekundu. Hakunisalimu. Alivua kofia, akapokea kikombe kutoka kwa Mama, akaonja, akakunja uso.

"Mmetia chumvi."

"Ndiyo dawa ya hospitali," Mama akasema. "Tumia hiyo."

Nadhani alitaka kucheka. Akachukua funda, akainama mbele yangu, akanyunyiza kifuani. Kisha akasema, kwa lugha ya kwetu, polepole, kama mtu anayehesabu mizigo yake akiishusha:

"Nilikasirika ulipoondoka, kwa sababu hukungoja nikubali. Nimeiacha." Akanyunyiza. "Nilikasirika ulipofaulu, kwa sababu watu waliniletea habari kabla yako. Nimeiacha." Akanyunyiza. "Nilikasirika uliporudi umeandikwa jina, kana kwamba hukuwa na mtu wa kukupa. Nimeiacha. Mkono wa mwanangu ukae."

Funda la mwisho lilinipiga usoni, na chumvi ikaingia jichoni. Bi Zuhura, aliyekuwa amesimama kando kwa heshima, akasema, "Amina," ingawa hakuijua lugha yetu hata neno moja. Baba akavaa kofia, akakataa chai, akarudi mlimani kabla mvua haijashuka. Hata hapo, alimwambia Mama, "Mwambie apone."

Siku zilizofuata wekundu ulirudi nyuma ya mstari, na haukuuvuka tena. Bwana Kilonzo anasema ni dawa mpya. Mama anasema ni Baba. Bi Zuhura anasema ni supu ya pweza aliyoagiza Mombasa. Mimi nasema, na nina haki ya kusema kwa sababu mkono ni wangu, kwamba ni kwa kuwa niliitoa ile rula chumbani nikampa Mwambi aiweke dukani, na sikukuna tena. Kidonda kinachopona huwasha kuliko kinachooza. Hakuna aliyenitahadharisha juu ya hilo, basi nakutahadharisha wewe. Itafika siku kila kitu kimekauka, umebaki ukoko mwembamba tu, na utadhani sasa ni salama kukuna. Siyo. Nenda katembee. Pepeta mchele wa mtu. Hesabu mabehewa.

Jua la kiangazi likapita na bendeji nyepesi, kisha bendeji ikaondoka. Ngozi mpya ilikuwa ya waridi na nyembamba, nikaifunika dhidi ya jua kwa shati la mikono mirefu, na nikafanya mazoezi ya kukunja vidole kwa kukamua kitambaa chenye maji mpaka nikaweza kukamua kitu kikavu kikatoa tone. Gurudumu lilipoteza meno ya upande mmoja. Mahali pake pana kovu laini, linalong'aa, lisiloshika wino. Herufi zangu zilibaki. Watu huniuliza kwa nini sikwenda kulijaza upya. Gurudumu lililovunjika meno kwa kazi na bado linazunguka, mimi kama fundi naliheshimu.

Nilirudi kiwandani mvua za kwanza za masika ziliposhuka. Wafanyakazi walisimama kama mwanzo. Hakuna aliyesema "tutaona."

Likabaki jambo moja. Nilikuwa nimekopa mikono ya watu, na mtu wa aina yangu halali vizuri akiwa anadaiwa. Nilichagua Jumamosi moja niwalipe wote siku hiyohiyo.

Nilianza na Mwambi, kwa sababu ndiyo siku aliyokuwa anaoa binti wa Ronge. Nilikwenda asubuhi na wembe, nikamnyoa kwa mkono wa kushoto mbele ya wapambe wake wote.

"Ukinikata leo, Profesa, bibi arusi atarudi kwao."

"Inua kidevu."

Sikumkata hata mara moja. Kisha nikainama nikamfunga viatu, fundo mara mbili, naye akayatazama yale mafundo mpaka nikainuka.

Kutoka hapo nilikwenda kwa Bi Zuhura. Cherehani yake ilikuwa imekufa tangu uhai wa mumewe. Niliifungua yote juu ya mkeka, nikaosha kila chuma kwa mafuta ya taa, nikatengeneza kichuma cha kushikia uzi kutoka kwa spoku ya baiskeli. Iliposhona mstari wa kwanza alikaa akiutazama ule uzi kwa muda. "Haya, mwanangu," akasema, "sasa nenda kachimbe sakafu ya wengine."

Nikapanda Sagalla. Maji kwetu ni ya kutafutwa, na Mama alikuwa anayateremkia mbali. Nilikuwa nimetangulia kupeleka mabati na pipa. Nilifunga mfereji kuzunguka paa, nikaupa mteremko, nikaugonga misumari mwenyewe, na mvua ya jioni ikatuona tumesimama uani tukilisikiliza pipa likijaa. Mama aliingiza mkono ndani mpaka kwenye kiwiko, akauacha humo.

Baba alikuwa ameketi barazani, anakohoa. Kikohozi kile kilikuwa kimemshika tangu masika kuanza, na dawa ya hospitali haikukiondoa. Nilisimama mbele yake.

"Baba, wengine nimewalipa. Sijui nikulipe nini wewe."

Lilikuwa jambo la kwanza kumwambia ana kwa ana tangu siku aliponiambia nikunje shati. Alisogeza miguu, akanionyesha mahali pa kuketi.

"Mimi nilikukopesha kinywa," akasema. "Nilipe kinywa. Hasira haikuwa yangu peke yangu. Nawe una yako, na kifua changu kinaijua."

"Sina hasira nawe, Baba."

"Chota maji."

Nilichota kikombe kwenye pipa jipya, nikakishika kwa mkono wa kushoto, naye akauona. Sikujua nianze wapi. Mtu aliyesoma mitambo hafundishwi kutema maji mbele ya baba yake. Nikachukua funda, nikainama, nikanyunyiza kifuani pake, na lugha ya kwetu ikatoka kwa shida, kama bolti iliyokaa na kutu.

"Nilikasirika kwamba hukuja stesheni kuniaga. Nimeiacha."

Alipangusa koti kwa kiganja. Akaangalia unyevu ule mdogo, kisha akanitazama.

"Hiyo ndogo," akasema. "Umebeba zaidi ya hiyo. Chota tena."

Nikachota tena.